Siku za kupevuka kwa yai: Hesabu wanayopaswa kuifahamu wanandoa wanaotafuta mtoto

KATIKA kata ya Oloipiri, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, mfugaji hahitaji kufundishwa na mtaalamu namna ya kumtambua ng'ombe aliye tayari kupandwa. Huona ute mwembamba unaong'aa ukining'inia, huona mnyama akihangaika na kuwapanda wenzake, naye hujua kwamba saa za kumkutanisha na dume ni chache na zikipita itabidi kusubiri takriban siku 21 nyingine.

Kwa binadamu mambo hayako hivyo. Mwanamke hana dalili za wazi ambazo jirani au hata mumewe anaweza kuziona, na wakati mwingine mwenyewe pia hazitambui. Yai lake hupevuka kimya kimya, huishi kwa muda wa saa 12 hadi 24 tu, kisha hufa iwapo halikukutana na mbegu ya mwanamume. Wanandoa wasioufahamu wakati huo wanaweza kukaa pamoja kwa miezi mingi bila mafanikio, ilhali hakuna kati yao aliye na kasoro yoyote.

Katika jamii ambazo heshima ya mwanamke hupimwa kwa watoto aliowazaa, kutofahamu huko kuna gharama kubwa. Mke asiyeshika mimba huitwa tasa kabla hajapimwa, mume hushauriwa kuongeza mke mwingine, na fedha ambazo zingemfikisha hospitali huishia kwa waganga. Mara nyingi lawama humwangukia mwanamke peke yake, ingawa sayansi imethibitisha kwamba wanaume wana mchango katika takriban nusu ya matukio ya wanandoa kukosa mtoto.

Tatizo lenyewe si la Wamasai wala la Watanzania peke yao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Aprili 2023 ilionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake, na kwamba kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Hata Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwanamke huzaa wastani wa watoto 4.8, wapo wanaokosa hata mmoja.

Yai hupevuka lini?

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa damu hadi siku moja kabla ya damu ya mwezi unaofuata. Ingawa wengi huamini kwamba mzunguko wa kawaida ni wa siku 28, mizunguko ya siku 21 hadi 35 huhesabiwa kuwa ya kawaida kwa wanawake watu wazima.

Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, ubongo hutoa homoni zinazoyaamsha mayai machache yaliyomo katika ovari. Kwa kawaida moja kati ya hayo hukua kuliko mengine. Kadiri linavyokua, ndivyo homoni ya estrojeni inavyoongezeka mwilini na kuuandaa ukuta wa mji wa mimba. Estrojeni inapofikia kiwango cha juu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huachia kwa wingi homoni iitwayo LH, na saa 24 hadi 36 baadaye yai huchomoka kwenye ovari na kupokewa na mrija wa uzazi.

Baada ya hapo ovari huanza kutoa homoni nyingine, projesteroni, inayoushikilia ukuta wa mji wa mimba. Iwapo mimba haikutunga, homoni hiyo hupungua baada ya takriban wiki mbili na damu ya hedhi hutoka.

Hapo ndipo penye siri ya hesabu nzima. Kipindi kati ya kupevuka kwa yai na hedhi inayofuata hakibadiliki sana, nacho huwa takriban siku 14. Kinachorefuka au kufupika kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine ni kipindi cha kabla ya yai kupevuka.

Jambo hilo liligunduliwa karibu wakati mmoja na madaktari wawili waliokuwa mbali kabisa wakifanya kazi kila mmoja kivyake: Kyusaku Ogino wa Japani mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye. Kabla yao, baadhi ya madaktari walidhani kwamba mwanamke hushika mimba kwa urahisi zaidi wakati wa hedhi au mara tu baada yake, dhana ambayo ingali inasikika vijijini na mijini hadi leo.

Kosa linalojirudia

Kosa ambalo huwapotosha wengi ni kuhesabu siku 14 kuanzia damu inapokatika, badala ya kuhesabu kuanzia siku inapoanza. Kosa la pili ni kudhani kwamba siku ya 14 ni ya kila mwanamke.

Chukua mfano wa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 30 na hedhi yake imeanza Aprili 1. Hedhi inayofuata inatarajiwa Mei 1. Akirudi nyuma siku 14 kutoka Mei 1, atapata kwamba yai linatarajiwa kupevuka karibu na Aprili 17. Lakini kama damu yake ilikatika Aprili 5, naye akaanza kuhesabu siku 14 kutoka hapo, ataangukia Aprili 19. Kufikia siku hiyo huenda yai limekwisha kufa.

Kwa mwenye mzunguko wa siku 25, yai hutarajiwa karibu na siku ya 11. Kwa mwenye mzunguko wa siku 35, ni karibu na siku ya 21. Kwa hiyo wanawake wawili wanaoishi boma moja na kuanza hedhi siku moja wanaweza kupishana kwa siku kumi.

Habari njema ni kwamba mbegu za kiume huishi muda mrefu kuliko yai. Zikikuta ute mzuri wa uzazi, zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke kwa siku hadi tano. Mwaka 1995 mtafiti Allen Wilcox na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zote zilitokana na tendo la ndoa lililofanyika katika siku sita zinazoishia na siku ya yai kupevuka. Uwezekano wa kushika mimba ulikuwa takriban asilimia 10 pale tendo lilipofanyika siku tano kabla, ukapanda hadi takriban asilimia 33 katika siku yenyewe ya yai kupevuka. Baada ya siku hiyo, haukuwapo.

Maana yake ni kwamba kusubiri dalili kuwa yai limekwisha toka ni kuchelewa. Mbegu zinapaswa kutangulia na kulisubiri yai. Kwa mwanamke wa mfano uliotajwa, siku za kutilia mkazo ni Aprili 12 hadi 17, na ushauri wa kawaida wa madaktari ni wanandoa kukutana kila siku au kila baada ya siku moja katika kipindi hicho. Inashangaza kidogo kwamba katika Kiswahili cha kila siku siku hizo huitwa "siku za hatari". Kwa anayetafuta mtoto, hizo ndizo siku za matumaini.

Njia nne za kufuatilia

Njia ya kwanza ni kalenda. Mwanamke huandika tarehe ya kwanza ya kila hedhi kwa miezi isiyopungua sita, kisha hutazama mzunguko mfupi kuliko yote na mrefu kuliko yote. Kwa asiyejua kusoma, njia hiyo haimshindi. Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani kilibuni mkufu wa shanga 32 kwa ajili ya wanawake ambao mizunguko yao ni ya kati ya siku 26 na 32. Ushanga mwekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, shanga sita za kahawia zinafuata, kisha shanga 12 nyeupe ambazo ni siku ya 8 hadi ya 19, na zilizobaki ni za kahawia. Kipete cha mpira husogezwa ushanga mmoja kila siku.

Mkufu huo ulianza kutumika kwa ajili ya uzazi wa mpango katika nchi kadhaa, zikiwamo Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini anayetafuta mimba huusoma kinyume: badala ya kuziepuka siku nyeupe, huzitumia. Kwa wanawake wa Kimasai, ambao kazi ya shanga wanaijua tangu utotoni, si kazi ngumu kujitungia mkufu wa namna hiyo, au hata kufunga mafundo kwenye uzi, ili mradi kila siku moja ihesabiwe.

Njia ya pili ni ute. Ilichunguzwa kwa kina kuanzia miaka ya 1950 na daktari John Billings na mkewe Evelyn, ambaye naye alikuwa daktari, mjini Melbourne, Australia. Baada ya hedhi, mwanamke wengi huhisi ukavu. Kisha hutokea ute mzito unaonata, na kadiri yai linavyokaribia kupevuka ute huo hugeuka kuwa mwepesi, wa kuteleza, angavu, unaovutika bila kukatika kama ute mweupe wa yai bichi la kuku. Siku ya mwisho ya ute huo wa kuteleza ndiyo hukaribiana zaidi na kupevuka kwa yai. Njia hii haina gharama, na hufaa hata kwa mwenye mzunguko usiotabirika. Hata hivyo, maambukizi ukeni yanaweza kuubadilisha ute, hivyo ute wenye harufu mbaya, rangi ya kijani au unaowasha ni dalili ya ugonjwa unaohitaji tiba.

Njia ya tatu ni joto la mwili. Mwanamke hujipima kila alfajiri kabla hajaondoka kitandani. Baada ya yai kupevuka, joto hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi na kubaki hapo hadi hedhi. Kasoro yake ni kwamba huthibitisha jambo lililokwisha kutokea. Faida yake ni kumwonyesha mwanamke, baada ya miezi mitatu au minne, kama kweli mayai yake yanapevuka na katika siku zipi. Kwa mama anayeamka usiku kunyonyesha, au anayedamka kukamua ng'ombe akiwa hajalala vya kutosha, vipimo hivyo vinaweza kumpotosha.

Njia ya nne ni kipimo cha mkojo kinachotambua homoni ya LH, ambacho huuzwa katika maduka ya dawa ya mijini. Kikionyesha kuwa homoni imepanda, yai linatarajiwa ndani ya siku moja au mbili. Zipo pia programu za simu zinazokadiria siku hizo, lakini nyingi hutumia hesabu ya wastani, na wastani haumfai kila mwanamke. Uchambuzi mwingine wa Wilcox na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote za rutuba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 kama vitabu vingi vinavyofundisha.

Mwaka wa kalenda na mwaka wa ndoa

Kwa mujibu wa WHO, wanandoa huhesabiwa kuwa na tatizo la ugumba wanapokosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Wengi wa wanandoa wenye afya njema, zaidi ya asilimia 80, hufanikiwa ndani ya muda huo.

Lakini kipimo hicho kina sharti ambalo husahaulika: lazima wawe pamoja. Katika maisha ya ufugaji, wakati wa kiangazi wanaume na vijana huhama na mifugo kwenda kwenye ronjo, mbali na boma, kwa wiki au miezi. Mwanamume mwenye wake kadhaa hugawa siku zake kati ya nyumba zao. Mwingine amekwenda kulinda mlango jijini Arusha, Dar es Salaam au Nairobi, naye hurudi mara mbili kwa mwaka.

Mwanamke wa aina hiyo anaweza kuambiwa kwamba ameolewa miaka mitatu bila mtoto, wakati ukihesabu miezi ambayo mumewe alikuwapo katika siku zake za rutuba utapata minne au mitano tu. Huyo hajawa mgumba. Kwa wanandoa kama hao, kufuatilia siku za yai kuna thamani kubwa kuliko kwa wanaolala pamoja kila usiku, kwa kuwa safari ya siku tano ya kurudi bomani ikipangwa vizuri inaweza kuzaa matunda kuliko likizo ya mwezi mzima iliyoanza siku moja baada ya yai kufa.

Mambo mengine pia huahirisha kupevuka kwa yai. Njaa na kupungua sana uzito, hali ambayo ukame huweza kuileta, huufanya mwili usitishe uzazi. Kunyonyesha mfululizo hufanya hivyo pia, ingawa yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kupevuka kabla hedhi haijarudi. Maradhi ya tezi ya shingo na matatizo ya homoni ni miongoni mwa sababu nyingine.

Kuhesabu kunapokosa jibu

Kuzijua siku si tiba ya kila kitu. Yai linaweza kupevuka kila mwezi kwa wakati wake, lakini lisipate njia. Utafiti mkubwa wa WHO wa miaka ya 1980 uliohusisha nchi 25 ulionyesha kwamba kuziba kwa mirija ya uzazi kulikotokana na maambukizi kulionekana zaidi barani Afrika kuliko katika mabara mengine. Chanzo kikubwa ni magonjwa ya zinaa, hususan kisonono na klamidia, ambayo mwanamke anaweza kuwa nayo bila dalili, pamoja na maambukizi yanayofuata uzazi au utoaji mimba usio salama.

Katika maeneo ya wafugaji kuna tishio jingine. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, uitwao kitaalamu bruselosisi, huwaingia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa na kugusa majimaji ya mnyama anayezaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Endulen katika Hifadhi ya Ngorongoro, ulithibitisha kuwapo kwa ugonjwa huo miongoni mwa wagonjwa wa homa. Kwa wanaume unaweza kusababisha uvimbe wa korodani, na kwa wajawazito huhusishwa na kuharibika kwa mimba. Kuchemsha maziwa ni kinga rahisi.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mume na mke waende hospitali pamoja. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi na hakiumizi kulinganisha na vipimo vya mwanamke, hivyo hakuna sababu ya mwanamke kupitishwa katika vipimo vyote kabla ya mumewe kupimwa hicho kimoja. Mwanamume aliyewahi kuzaa na mke mwingine naye hana uhakika, kwa kuwa ugonjwa unaweza kumpata baadaye.

Mwanamke wa umri chini ya miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na aliyevuka umri huo baada ya miezi sita. Asisubiri kabisa yule ambaye hedhi yake hupotea kwa miezi, mwenye maumivu makali ya nyonga, aliyewahi kuugua magonjwa ya zinaa au ambaye mimba zake zimeharibika mara kwa mara. Kwa wakazi wa Oloipiri, hospitali iliyo karibu ni ya Wasso. Vipimo vikubwa zaidi hulazimu safari ya mamia ya kilometa hadi hospitali za rufaa kama Mount Meru ya Arusha au KCMC ya Moshi. Kwa safari hiyo, daftari au uzi wenye tarehe za hedhi za miezi sita ni mzigo mwepesi utakaomwokolea daktari muda mwingi.

Uchungu wa kukosa mtoto haukuanza leo, wala jamii haikukaa kimya. Filamu ya Melissa Llewelyn-Davies ya miaka ya 1980, iliyopigwa Loita upande wa Kenya, iliwaonyesha wanawake wa Kimasai wakiungana kuwadai wazee sherehe ya baraka ya uzazi, iitwayo olamal, hadi wakaipata. Mwanaanthropolojia Aud Talle wa Norway aliandika jinsi mwanamke wa Kimasai asiye na mtoto anavyoweza kupewa mtoto na mke mwenza au ndugu na kumlea kama wake, asibaki mpweke uzeeni.

Mila hizo zinaonyesha kwamba wazee waliliona kukosa mtoto kuwa ni jambo la boma zima. Hesabu ya siku nayo inahitaji moyo huo huo. Mke anaweza kuzijua siku zake kwa usahihi wote, lakini kama mume hazijui, au anaona haya kuzisikia, ataondoka na ng'ombe alfajiri ya siku ile ile ambayo alipaswa kubaki.